Vitabu vya Kifaransa kwa Mwanafunzi na Familia: Pa Kuvipata, na Namna ya Kutotapeliwa

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu, wanafunzi na waongoza watalii, Irente, wilayani Lushoto



Mtu akiliona tangazo la mkutano huu huenda akauliza: ofisi inayomlinda mtumiaji wa bidhaa na huduma inahusianaje na vitabu vya Kifaransa? Jibu langu ni fupi. Kitabu ni bidhaa. Masomo ya kulipia ni huduma. Kifurushi cha intaneti ni huduma. Cheti kinachouzwa na asiye na mamlaka ya kukitoa ni ulaghai. Tena, popote watu wanapokihitaji kitu kwa dhati bila kujua kinapatikana wapi, ndipo mlaghai anapotandika mkeka wake.

Hapa Irente uhitaji huo upo, nanyi mnaujua kuliko mimi. Wageni wanaofika kulisimamia genge letu na kuitazama nyika ya Mazinde kule chini hawazungumzi Kiingereza peke yake. Kijana anayeweza kumweleza Mfaransa au Mbelgiji habari za msitu wa Magamba kwa lugha yake anaitwa tena mwaka unaofuata. Wapo wanafunzi wanaosoma Kifaransa kama somo la kuchagua, ambalo Baraza la Mitihani hulitahini. Na wapo wanaotazama mbali zaidi: Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga mwaka 2022, na pale Arusha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huendesha kazi zake kwa Kifaransa pia. Kwa Mtanzania, lugha hii ni lugha ya jirani.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini nimeomba mwenyewe nitumwe kuja huku.

Nilipomaliza chuo nilitaka kufanya mtihani wa Kifaransa unaotambulika kimataifa. Mama yangu alikuwa akiuza machungwa Muheza. Msimu ule akaniwekea shilingi 45,000 za vitabu. Nikaona tangazo kwenye simu: maktaba kamili ya Kifaransa, vitabu mia tano na sauti zake, lipa leo bei inapanda kesho. Nikalipa usiku uleule. Nilichotumiwa ni rundo la nakala zilizopigwa picha, nyingine zimekatika kurasa, na sauti hazikuwamo kabisa. Nilipiga simu; haikupokelewa. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nimeketi maktabani, niligundua kwamba karibu nusu ya vitabu vile hutolewa bure kwa mtu yeyote duniani. Mtihani niliufanya, na sehemu ya kusikiliza ndiyo iliyoniangusha, kwa kuwa sikuwa nimesikia Kifaransa cha kutosha. Mama hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hukuwa na mtu wa kumuuliza?"

Swali hilo ndilo lililonileta Irente. Leo mnaye mtu wa kumuuliza.

Anza na kilicho karibu

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mlango wa kwanza wa kubisha ni ule ulio karibu. Mwanafunzi amuulize mwalimu wake wa Kifaransa, kisha amuulize mtunza maktaba wa shule. Mara nyingi shule huwa na kabati lililofungwa, na ndani yake mna vitabu vilivyotolewa kama msaada miaka iliyopita ambavyo hakuna aliyeviomba. Mzazi ana haki ya kuuliza kabati hilo lina nini.

Mlango wa pili ni Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Kabla hujamnunulia mtoto kitabu cha kiada kwa mtu wa barabarani, tazama kwanza kama kimo humo. Ukikikosa, utakuwa angalau umejua jina kamili la kitabu kinachotumika sasa, nawe hutauziwa cha mtaala uliokwisha kuachwa.

Mlango wa tatu ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na mkoani kwetu iko maktaba ya mkoa mjini Tanga. Nisiwadanganye: maktaba hizi zimejaa Kiswahili na Kiingereza, na rafu ya Kifaransa ni fupi. Hata hivyo usiondoke ukiwa umetazama rafu tu. Muulize mtunza maktaba mambo matatu: mna kamusi ya Kifaransa, mna vitabu vya Kifaransa vilivyohifadhiwa ambavyo havikupangwa, na mnapokea maombi ya wasomaji mnapoagiza vitabu vipya? Maktaba ya umma hununua kinachoombwa. Kisichoombwa na mtu hakiwezi kufika rafuni.

Maktaba za Alliance Française

Taasisi inayojulikana zaidi kwa kufundisha Kifaransa duniani ni Alliance Française, iliyoanzishwa Paris mwaka 1883. Nchini mwetu ipo Dar es Salaam na Arusha. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro ipo Mombasa, na Nairobi pia. Kwa mtu wa Irente zote hizi ni safari: kushuka kona za Soni hadi Mombo, kisha barabara kuu. Kwa hiyo usifunge safari bila kupiga simu. Uliza hivi:

Ada ya uanachama ni kiasi gani, na ni ya muda gani? Je, ada hiyo inaruhusu kuazima vitabu kwenda navyo nyumbani, au kusomea pale pale tu? Kuna amana ya kuweka, na inarudishwa lini? Faini ya kuchelewesha kitabu ni ipi? Anayeishi mbali anaweza kumtuma mtu amrudishie? Na swali ambalo wengi hawalijui: je, uanachama unanipa nafasi ya kuingia Culturethèque?

Culturethèque ni maktaba ya mtandaoni ya taasisi za utamaduni za Ufaransa, iliyowekwa kwa ajili ya wanachama na wanafunzi wao. Ina vitabu, magazeti, hadithi za watoto na sauti. Kwa mtu aliye mlimani kama sisi, hiyo ndiyo faida kubwa ya uanachama, kwa sababu kitabu kinakufuata hadi Irente bila kupanda basi. Basi uliza mapema kama taasisi unayojiunga nayo inaitoa huduma hiyo, na jibu lolote linalohusu fedha uliombe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Neno la mdomo halina risiti.

Maktaba zisizo na mlango

Sasa nifike kwenye mali ya bure, ile niliyoinunua kwa ujinga wangu.

Hakimiliki ya kazi ya mwandishi haidumu milele. Kwa sheria ya Tanzania hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ufaransa ni miaka 70. Muda huo ukiisha, kitabu kinakuwa mali ya watu wote. Jean de La Fontaine, mtunzi wa ngano za wanyama, alifariki mwaka 1695. Charles Perrault, aliyeandika hadithi za watoto, alifariki mwaka 1703. Jules Verne alifariki mwaka 1905. Atakayekuuzia vitabu vya watu hawa kwenye simu amekuuzia maji ya mtoni.

Wanapatikana wapi? Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina vitabu vingi vya Kifaransa. Huhitaji kujiandikisha wala kutoa namba ya simu. Gallica ni maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1997, nayo ina mamilioni ya vitabu, magazeti, ramani na picha. Televisheni ya TV5MONDE ina maktaba yake ya vitabu vya kale visivyolipiwa, na pia mazoezi ya kujifunzia lugha kuanzia ngazi ya mwanzo, yote bure. Redio ya RFI, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 2010, hutoa kila siku taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, iitwayo Journal en français facile, pamoja na maandishi yake. Unasikiliza huku unafuata kwa macho. Lau ningalijua hilo wakati ule, sehemu ya kusikiliza isingalinishinda.

Lakini nitahadharishe: kitu kuwa bure si sawa na kukufaa. Kifaransa cha La Fontaine ni cha karne ya 17. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akianza nacho atadhani akili yake ni nzito, kumbe kitabu ndicho kizito. Ngazi za lugha huandikwa A1, A2, B1, B2, C1 na C2, kutoka chini kwenda juu. Tafuta kitabu chenye alama ya ngazi yako. Kama huna uhakika, soma ukurasa mmoja: ukikutana na maneno mageni zaidi ya kumi, kiache, ukirudie mwakani.

Kwa anayependa kujua tulikotoka, kisa hiki kitamtia moyo. Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa aliyekaa pwani yetu, alichapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili huko Zanzibar mwaka 1891. Kamusi yake kubwa zaidi, ya Kiswahili kwa Kifaransa, ilitoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, na wataalamu wa Kiswahili wanaitumia hadi leo. Maana yake ni kwamba daraja kati ya lugha hizi mbili lilikwisha kujengwa zamani. Huna haja ya kupitia Kiingereza kila mara.

Kwa watoto na kwa familia nzima

Wazazi wengi wameniuliza: mimi sijui hata neno moja la Kifaransa, nitamsaidiaje mtoto? Utamsaidia kwa Kiswahili chako. Mradi wa African Storybook, wenye makao Afrika Kusini, na StoryWeaver wa India, huweka mtandaoni hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi. Hadithi ileile unaweza kuipata kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Mama anasoma ukurasa wa Kiswahili, mtoto anasoma wa Kifaransa, picha ni moja. Ruhusa iliyoambatana na hadithi hizo hukubali zipakuliwe, zichapishwe na kugawiwa, ilimradi jina la mtunzi na la mchoraji libaki pale lilipo. Chapisheni kurasa chache mjini Lushoto, zishoneni kwa uzi wa gunia, na nyumba itakuwa na maktaba.

Kwa wakubwa, iko njia hiyohiyo. Baadhi ya vitabu mashuhuri vya Kifaransa vimetafsiriwa kwa Kiswahili. *Le Petit Prince* cha Antoine de Saint-Exupéry kipo kwa jina la *Mwana Mdogo wa Mfalme*. *Une si longue lettre*, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, ipo kwa jina la *Barua Ndefu Kama Hii*. Anayekisoma kwanza kwa Kiswahili, kisha akakirudia kwa Kifaransa, hababaishwi na kisa. Anashughulika na lugha tu. Vitabu hivi ni vya kununua au kuazima. Watafsiri na wachapishaji wamevitolea jasho, nao wana haki ya malipo kama mkulima wa kabichi alivyo na haki ya malipo.

Kwa wasioona

Siwezi kuzungumza Irente nikapita kimya mbele ya Shule ya Wasioona. Huenda si wote wanaojua kwamba maandishi ya nukta ambayo watoto wale huyasoma kwa ncha za vidole yalibuniwa na Mfaransa. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, mtoto wa fundi ngozi. Alijiumiza jicho kwa kifaa cha baba yake akiwa na miaka mitatu, na baadaye akapofuka kabisa. Maandishi yake aliyachapisha mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo mtoto asiyeona wa Irente tayari ana kitu cha Kifaransa mkononi.

Kwa wanaowatafutia vitabu, nina mambo matatu. La kwanza: kila lugha ina kanuni zake za nukta. Nukta zote sita zikijaa, kwa Kifaransa ni herufi é. Kwa Kiingereza cha ufupisho ni neno jingine kabisa. Unapoagiza kitabu, uliza kama kimeandikwa kwa kanuni za Kifaransa, la sivyo mtoto atapewa kitabu kisichosomeka naye alaumiwe kwamba hajui. La pili: LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, ina vitabu vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea, vikiwamo vya Kifaransa, bila malipo. Na simu inayosoma maandishi kwa sauti ibadilishwe iwe na sauti ya Kifaransa. Ikiachwa na sauti ya Kiingereza itamfundisha mtoto matamshi ya kuchekesha. La tatu: Tanzania imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaorahisisha kutengeneza na kubadilishana, hata kati ya nchi na nchi, nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona. Mwalimu anapoandika barua kuomba nakala ya namna hiyo, autaje mkataba huo kwa jina.

Gharama ya kifurushi

Kuna bure ya kitabu, na kuna gharama ya kukifikia. Kitabu cha maandishi matupu huwa kidogo: riwaya nzima aghalabu haifiki MB 2. Kitabu hichohicho kikiwa cha kurasa zilizopigwa picha kinaweza kula makumi ya MB. Sauti ya dakika 10 hukaribia MB 10 au chini yake, na video ya muda uleule hula mara nyingi zaidi. Basi ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua maandishi kwanza, sauti pili, video mwisho.

Tena pakua mara moja, usikilize mara nyingi. Anayesikiliza moja kwa moja mtandaoni kila siku analipia maji yaleyale kila asubuhi. Kwa hapa mlimani ambapo mtandao hushika upande mmoja wa kilima na kupotea upande wa pili, kupakua ni kuweka akiba. Na mkiwa kikundi, mmoja apakue kisha awagawie wenzake kwa kadi ya kumbukumbu. Kwa vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki na hadithi zenye ruhusa ya kugawiwa, jambo hilo ni halali. Kwa kitabu kinachouzwa madukani, si halali, hata kama aliyekupa amekwambia "ni ya elimu".

Dalili za ulaghai

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo pesa za familia zinapopotelea.

Dalili ya kwanza ni haraka. "Lipa leo, kesho bei inapanda." Kitabu hakiozi kama plamu, kesho kitakuwapo.

Dalili ya pili ni jina lisilolingana. Unaambiwa unalipa kituo cha lugha, lakini jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo ni la mtu binafsi. Simama hapo hapo.

Dalili ya tatu ni wingi usio na orodha. "Vitabu mia tano" bila majina ya vitabu ni gunia lililofungwa. Omba orodha na kurasa mbili za mfano. Mwenye mali halali hatakataa.

Dalili ya nne ni kuombwa kisichohusika: namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya siri, au picha ya kitambulisho kwa ajili ya kupakua kitabu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekusanya taarifa zako anapaswa kuwa na sababu halali na kukueleza sababu hiyo. Ukishuku kwamba kitambulisho chako kimetumiwa kusajili laini usiyoijua, piga *106# uhakiki.

Dalili ya tano ndiyo mbaya kuliko zote: kuahidiwa cheti. Diploma ya DELF hutolewa kwa niaba ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa, kwa mtihani unaofanyika katika kituo kilichoidhinishwa. Ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Anayefaulu ni aliyepata angalau 50 kwa jumla ya 100, na asiyeshuka chini ya 5 katika sehemu yoyote. Ikipatikana haina mwisho wa muda. Hakuna njia ya mkato. Anayekwambia ataipata bila wewe kuketi mtihani anakuuzia karatasi ambayo siku moja itakufedhehesha mbele ya mwajiri. Hata mifano ya mitihani hiyo haistahili kununuliwa kwa bei ya kuruka, kwani France Éducation international, taasisi inayoisimamia, huiweka wazi kwenye tovuti yake.

Ukishatapeliwa

Msione haya. Aibu ya aliyeibiwa ndiyo mtaji wa mwizi. Mimi mwenyewe nilinyamaza, na kwa kunyamaza kwangu naamini wengine walifuata.

Usifute ujumbe wowote. Hifadhi tangazo, mazungumzo, namba iliyolipwa na ujumbe wa malipo. Wasiliana haraka na kampuni ya simu uliyolipia. Uwezekano wa kuzuia fedha hupungua kila saa inayopita. Namba iliyotumika kukulaghai itume kwenda 15040. Kama muuzaji anajulikana na ana ofisi, mwandikie barua ukieleza ulichoahidiwa, ulichopewa na unachotaka: kurudishiwa fedha au kupewa ulichonunua. Mpe siku za kujibu na ubaki na nakala. Asipojibu, ndipo uje kwetu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na malalamiko yenye karatasi hushughulikiwa upesi kuliko yenye hasira. Penye wizi wa wazi, nendeni polisi siku hiyohiyo.

Na kila mnaponunua, iwe kamusi au daftari, daini risiti. Risiti ndiyo shahidi asiyesahau.

Tufanye nini kuanzia kesho

Ndugu zangu, sikuja kuwatisha mkae bila vitabu. Nimekuja ili mtu wa Irente apate kitabu cha Kifaransa bila kupoteza mapato ya msimu.

Napendekeza mambo manne, yote mepesi. Mwalimu mmoja akubali kuwa na daftari la kuandikia kila kitabu cha Kifaransa kilichopo kijijini na kwenye shule zetu, na nani anacho; mtashangaa. Vijana waongoza watalii waunde kikundi, wachange, mmoja wao ajiunge na maktaba ya mbali kwa jina lake na kwa kufuata masharti yake, kisha awafundishe wenzake alichojifunza. Kila nyumba yenye mwanafunzi ichague hadithi moja ya lugha mbili isomwe usiku, mzazi na mtoto, hata kurasa mbili. Na yeyote atakayeona tangazo la kuuza vitabu au masomo, kabla ya kulipa, amuulize mtu mmoja: mwalimu, mtunza maktaba, au ofisi yetu. Swali halina ada.

Mwaka jana nilimpelekea mama yangu hadithi ya watoto iliyochapishwa kwa Kiswahili na Kifaransa, kurasa kumi na mbili, iliyonigharimu bei ya kutoa nakala tu. Akaigeuzageuza, akauliza ni shilingi ngapi. Nilipomwambia, alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Basi waambie na wengine."

Nami ndivyo nilivyofanya.